Nani Anakaa Ukutani?

Ikifika Machi, mitandao huanza kutuhubiria majira ya kuchipua. Fungua madirisha, wanasema. Toa mapazia mazito, weka mepesi. Na ule ukuta mtupu juu ya sofa, utundike picha iliyochapwa kwenye kanvasi, nyumba ipate uhai mpya. Ushauri huo umeandikiwa watu waliotoka kwenye miezi ya baridi na giza la saa kumi jioni. Eldoret hatuna msimu huo. Tuna kiangazi cha vumbi kinachoanza Desemba, halafu mvua inayoingia Machi au Aprili na kwenda, kwa kupanda na kushuka, mpaka Septemba. Machi ya Uasin Gishu ni ya trekta na mbolea. Mtu akifungua dirisha, vumbi la shamba la jirani linakuja kukaa kwenye vitambaa vya sofa.

Hata hivyo, kanvasi zimefika bila kungoja msimu. Ziko kwenye vioo vya maduka karibu na Barabara ya Uganda. Ziko kwenye vyumba vya kulala wageni kule Elgon View, kwenye kinyozi, kwenye kliniki za meno, kwenye keja za Annex na Kapsoya ambazo hata kitanda hakijalipiwa chote. Nadhani hii ndiyo sanaa inayoangaliwa zaidi mjini kwetu. Vitabu tunavichambua, nyimbo tunazichambua, filamu tunazibishania mpaka usiku. Lakini kitu kilicho juu ya kichwa cha mgeni anapokunywa chai yako, hicho hatukisemi. Tunasema tu "iko fiti" na kuomba sukari.

Mimi naona kina mengi ya kusemwa. Ukuta wa sebule ni orodha. Unamwambia anayeingia ni nani anayehesabiwa katika nyumba hii. Kwa hiyo swali langu kuhusu kanvasi si kama rangi zake zinakubaliana na zulia. Swali ni nani anaruhusiwa kukaa ukutani, na nani ameachwa nje.

Nianze na zile zinazouzwa zikiwa tayari. Ukizunguka mjini kwa siku moja utakutana nazo zote. Kuna simba aliyekatwa vipande vitano, kipande cha katikati kirefu, vya pembeni vifupi, hivi kwamba uso wake una nyufa nne za ukuta katikati yake. Kuna jiji la ughaibuni la rangi nyeusi na nyeupe, na kitu kimoja tu chenye rangi, basi jekundu au teksi ya manjano. Kuna maneno ya Kiingereza kuhusu upendo na familia, kwa mwandiko wa kujikunja. Na kuna moran aliyesimama na mkuki wakati jua linazama, mti wa mgunga upande mmoja, twiga upande wa pili.

Huyo moran ananisumbua kuliko simba. Sikatai kwamba picha yake inavutia. Machweo ni machweo, na rangi ya chungwa ukutani huupasha moto mji ulioko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Lakini mtazame tena: hana uso. Amepigwa akiwa kivuli, jua likiwa nyuma yake, kwa hiyo hana macho, hana umri, hana jina. Angeweza kuwa mtu yeyote, na ndiyo sababu anauzika kila mahali. Sasa kumbuka anatundikwa wapi. Jina Eldoret linaelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe, mto wetu Sosiani, kisha Wakalenjin wakaongeza mkia wao. Uasin Gishu ni jina la kundi la Wamaasai waliolishia uwanda huu kabla ya vita vya karne ya 19 kuwatawanya. Yaani tumemtundika Mmaasai asiye na uso katika mji uliobeba maneno ya Wamaasai wenyewe, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu picha imetengenezwa ili isimshtue mtu.

Hapo ndipo ninapoziona kanvasi za dukani zikishindwa kama sanaa. Haziko hapa kwa sababu ya mtu yeyote. Simba hajui kama wewe ni Chebet au Wanjiku au Barasa. Jiji lile la ughaibuni halijui kama una ndugu kule au la. Zimebuniwa kwa ajili ya ukuta wowote, na zikifika kwako, sebule yako nayo inageuka kuwa ukuta wowote. Ndiyo maana zinafaa sana kwenye vyumba vya kukodi kwa usiku mmoja, ambako mwenye nyumba hataki mgeni aulize, "Huyu ni nani?"

Ziko kanvasi nyingine, na hizi ndizo zinazonifanya niandike. Ni zile ambazo mtu huchukua picha yake mwenyewe, akaipeleka dukani kwenye simu, akarudi kesho yake kuichukua ikiwa kubwa kama mlango wa kabati. Hizi zina watu wenye majina. Na ukitembelea nyumba nyingi za hapa kwetu utagundua kwamba zina sheria zake, ingawa hakuna aliyeziandika. Mtu hupata kanvasi kwa njia tatu au nne hivi: akihitimu, akioa au kuolewa, akishinda mbio, au akifa.

Ya kuhitimu ndiyo mfalme wao. Joho, kofia ya mraba, cheti kilichokunjwa kwa utepe, mandhari ya rafu za vitabu ambavyo hakuna aliyevisoma kwa sababu vimechorwa. Familia hukaa kwenye sofa chini yake kama wanavyokaa chini ya msalaba. Siicheki. Katika nyumba ambako mahindi ya misimu kadhaa yaliuzwa ili karo ilipwe, picha ile ni risiti. Mzazi anamwonyesha mgeni pesa zilikoenda.

Lakini risiti ina upande wake mkali. Kwetu mama alipigilia msumari nilipoingia mwaka wa kwanza, katikati kabisa ya ukuta, akisema pale ni pa joho langu. Karo iliisha kabla ya masomo kuisha, nikarudi nyumbani, kisha nikaanza kuandika. Msumari bado upo. Sasa umebeba kalenda ya duka la dawa za mifugo. Hakuna aliyenisema vibaya, na sijidai kwamba naumia kila nikiutazama. Ninachosema ni kwamba ukuta ule ulinipangia nafasi moja tu ya kuonekana, na nafasi hiyo ilipopita, hapakuwa na nyingine. Nimeandika, nimelipia umeme, nimempeleka baba hospitali, nimemfundisha mdogo wangu hesabu akapita. Hakuna kati ya hayo lililo na kanvasi yake. Wala si mimi tu. Kila ploti ina mtu wa aina hiyo: aliyeacha shule, asiyeolewa, anayeuza nguo za mtumba pale sokoni tangu alfajiri. Wanaweka chakula mezani chini ya picha za watu wengine.

Njia ya mwisho, ya kifo, ni ya ajabu zaidi. Mtu akifariki, kamati ya mazishi hukaa, na katika orodha ya jeneza, mahema, viti na mchele kuna mstari wa picha. Lazima ipatikane haraka. Na hapo ndipo familia nyingi hugundua kwamba mama aliyewalea watu saba hana picha yake peke yake. Kwenye harusi yuko pembeni, nusu ya uso imefunikwa na kofia ya mtu. Kwenye ubatizo ameinama kumfunga mtoto viatu. Kwenye simu za wanawe kuna picha mia za wajukuu, naye ni mkono tu unaomshika mtoto asianguke. Basi wanachukua kitambulisho. Ile picha ndogo ya mbele ya ofisa, uso ukiwa umekazwa kwa sababu ameambiwa asicheke, inapigwa tena kwa simu, inasafishwa kwa programu, inawekewa mawingu ya samawati nyuma, inachapwa. Baada ya maziko inarudi nyumbani na kutundikwa.

Nyanya yangu yuko hivyo ukutani kwetu. Kila mgeni anamwona akiwa na sura ambayo sisi wenyewe hatukuwahi kumwona nayo. Aliitoa siku moja tu, mbele ya serikali. Nyanya alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta. Hiyo haikupigwa na mtu yeyote, kwa sababu alipokuwa hai hakuna aliyeona kuna haja.

Kuna wakati sheria hizi mbili, ya ushindi na ya kifo, hukutana kwenye picha moja. Oktoba 8, 2023, Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi ya dunia. Kijana wa huku kwetu nyanda za juu, aliyekuwa amekimbia marathoni tatu tu maishani mwake: Valencia, London, Chicago. Miezi minne baadaye, Februari 11, 2024, alikufa katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Picha za ushindi wa Chicago ndizo watu walizorudia kutumiana usiku ule, sasa maneno ya pole yakiwa yameandikwa juu yake. Picha haikubadilika hata kidogo. Ilikuwa ya kushangilia, ikawa ya kulia, kwa sababu ndizo tulizokuwa nazo za kutumiana. Kiptum wa siku ya kawaida, sisi mashabiki hatukuwa tunamjua kwa sura.

Wengine watasema tatizo ni teknolojia, kwamba zamani watu waliheshimu picha. Sidhani. Picha za zamani nazo zilikuwa na uongo wake, tena mtamu. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kwa miongo mingi watu wa Mji Mkongwe walikwenda kukaa mbele ya kamera yake wakiwa wamevaa walivyotaka kuonekana. Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa picha za kuunganisha, uso wa mtu ukitokea mahali ambapo kamera ya kawaida isingeuweka. Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walipamba vibanda vyao kwa mandhari za kuchora, na mtu aliyetoka bara kutafuta kazi aliweza kutuma nyumbani picha yake akiwa mbele ya meli au ndege ambayo hakuwahi kuipanda. Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend ameandika mengi juu yao. Ukizitazama picha hizo leo, uongo uko wazi kabisa: meli imechorwa, maua ni ya plastiki.

Lakini katikati ya uongo ule alisimama mtu. Mandhari yote ilikuwepo ili yeye aonekane. Vibarua walipigwa. Mayaya walipigwa. Hukuhitaji joho wala jeneza, ulihitaji tu nauli ya kufika na pesa ya picha moja. Ndiyo tofauti ninayoiona na sebule zetu. Studio ya zamani ilimpa mtu wa kawaida mandhari ya kifahari. Kanvasi ya dukani imechukua mandhari ile ile, ikaikuza, ikamtoa mtu.

Kuna jambo la pili tulilopoteza, nalo ni mgongo wa picha. Chukua picha yoyote ya zamani kwenye albamu ya mzazi wako, igeuze. Utakuta muhuri wa studio. Utakuta mwandiko wa wino wa buluu: kwa kumbukumbu, jina, mji, mwaka. Wakati mwingine ujumbe kwa mtu ambaye hujui alikuwa nani kwa baba yako, na ukiuliza, chumba kinanyamaza. Kanvasi haina mgongo wa namna hiyo. Nyuma kuna mbao nne, pini za stepla na buibui. Hakuna mpiga picha, hakuna tarehe. Miaka thelathini ijayo mtoto ataitazama na kuona watu wanaotabasamu, basi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini niyakuze haya. Si picha tu? Katika mji huu, jibu halitoki mbali. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji wetu, lilichomwa watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Maelfu ya watu wa Eldoret na vijiji vya karibu walihamia kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, wakalala chini ya maturubai. Nilikuwa mdogo sana, lakini nimekua na watoto wa zile nyumba. Wengi wao hawana picha hata moja ya kabla ya 2008. Hawana ya utoto wao, hawana ya ndugu waliouawa. Nyumba ikiungua, sofa hununuliwa tena, mabati hununuliwa tena. Albamu iliyokuwa chini ya kitanda hainunuliki. Rafiki yangu mmoja aliwahi kuniambia kwamba anajua dada yake alikuwa na mwanya kwa sababu mama yake humwambia hivyo, si kwa sababu anaukumbuka.

Kiswahili kina neno moja kwa yote haya, turubai. Ndilo kitambaa ambacho mchoraji huchorea, na ndilo tunaloanikia mahindi kando ya barabara, na ndilo lililowafunika wale watu uwanjani. Kwa watu waliolala chini yake, kutundika picha ya familia kwenye turubai lingine, ndani ya nyumba yenye kuta, si mapambo ya msimu. Wanasema tuko hapa, sisi hawa, kwa majina. Mtu wa namna hiyo akichapa sura ya mama yake kubwa kuliko dirisha, mimi siwezi kumwambia kwamba hajui mitindo ya kisasa.

Ndiyo maana pia nakasirika kidogo kuona picha hizo zinavyochapwa vibaya, kwa sababu hapa ubaya wa kazi ni kosa dhidi ya mtu. Duka linapokea picha iliyopita WhatsApp mara tatu. Programu hiyo huibana picha ili isafiri haraka, na mara nyingi inakufikia ikiwa na pikseli kama 1,600 kwa upande mrefu. Sasa unataka kanvasi ya sentimita 60 kwa 90. Sentimita 90 ni inchi 35 na nusu hivi, kwa hiyo unazigawia pikseli 45 tu kwa kila inchi. Ili uso usomeke vizuri unahitaji kama 150, yaani zaidi ya pikseli 5,300 kwa upande ule. Umbile la kitambaa linaficha ukungu kidogo, na ukisimama mbali utaridhika. Lakini sogea karibu, utaona macho ya shangazi yamekuwa madoa mawili. Dawa yake ni rahisi: itume kama faili, si kama picha, au beba simu yenyewe iliyopiga. Ikiwa iliyopo ni ndogo, chapa ndogo. Uso ulio wazi kwenye sentimita 20 ni heshima zaidi kuliko ukungu wa mita moja.

Pili, kingo. Kanvasi hukunjwa kuzunguka mbao, sentimita tatu au nne kila upande. Asiyejua hilo hupoteza masikio, au yule mjomba aliyesimama mwisho wa mstari hujikuta ubavuni mwa fremu, ambako ni mjusi tu atakayemwona. Mwambie fundi aache nafasi. Tatu, filta. Zile programu za kulainisha ngozi huondoa mikunjo, makovu, chale, na hata weusi wenyewe. Nimeona mzee wa miaka themanini akiwa na mashavu ya mtoto mchanga na shingo ya umri wake. Ukifuta uso wa mtu kisha ukautundika, umerudi kwa yule moran wa machweo: kivuli chenye umbo la binadamu. Nne, masika yenyewe. Kuta nyingi za hapa hunywa maji wakati wa mvua, rangi hububujika kama uji, na kitambaa kilichogusana na ukuta wa namna hiyo hushika kuvu kwa nyuma. Bandika vipande vidogo vya mbao au kizibo kwenye pembe nne ili hewa ipite. Usiiweke pia mahali jua la mchana linapoipiga moja kwa moja. La huku juu ni kali na wino huchoka.

Sasa nisikilize upande mwingine, kwa sababu ninao marafiki ambao wakisoma hapa watakuwa wameshakunja uso. Mmoja anafanya zamu za usiku hospitalini. Ana simba wa vipande vitano na anampenda. Anasema siku nzima anatazama nyuso za watu walio na maumivu, akifika kwake hataki uso wowote unaomtaka jambo. Nakubali. Kuna pumziko ambalo ni picha isiyo na mtu tu inayoweza kulitoa. Wapo pia majirani zangu Waislamu ambao hawatundiki sura za watu, ukuta wao una aya kwa hati nzuri, na hakuna anayeingia pale asijue ni nyumba ya nani na inamtegemea nani. Aya ile inasema jambo, na wenye nyumba wanalisimamia. Halafu kuna sisi wa bedsita. Keateka amesema msumari mmoja ukipigiliwa, deposti imekwenda. Huwezi kuzungumzia sanaa ya ukutani na mtu ambaye ukuta si wake.

Pia si kila sura iliyowahi kutundikwa ilitundikwa kwa mapenzi. Wakubwa wetu husimulia kwamba kwa miaka 24 ya utawala wa Moi, duka lisilo na picha yake nyuma ya kaunta lilikuwa duka la kuulizwa maswali. Picha ile ilitazama mizani, ikatazama mteja, ikatazama mwenye duka. Kwa hiyo najua kwamba sura ukutani inaweza kuwa mzigo, na kwamba nyumba nyingine zina picha ya baba ambaye kila mtu angependa ashushwe lakini hakuna anayethubutu. Mtu akiamua kuweka twiga badala ya mtu kama huyo, twiga ameshinda kwa haki.

Kwa hiyo sidai kwamba kila ukuta ujae ndugu. Ninadai kipimo. Tukiitazama kanvasi kama tunavyotazama kitabu au wimbo, tuwe na maswali ya kuiuliza. Huyu ni nani? Ilikuwa lini? Nani aliipiga, na aliyepigwa alitaka? Picha inayojibu maswali hayo, hata ikiwa na ukungu, hata ikiwa na mawingu ya bandia nyuma, ninaihesabu kuwa kazi nzuri kuliko machweo safi kabisa yasiyo ya mtu. Na picha ya simba inayotundikwa na mtu anayejua kwa nini amemchagua simba, nayo imepita. Inayoshindwa ni ile iliyowekwa kwa sababu ukuta ulikuwa mtupu na tangazo likasema ni wakati.

Na nyuma yake, tafadhali, andika. Kalamu ya wino mzito inaandika vizuri kwenye mbao. Jina, mahali, mwaka, aliyepiga. Ni kazi ya dakika moja, na ndiyo itakayomsaidia mtu ambaye bado hajazaliwa.

Mwaka huu, mvua ya mchana ikikufungia ndani na stima zikipotea kama kawaida yake, pitia simu yako kabla chaji haijaisha. Ruka mahafali, ruka harusi. Tafuta mtu ambaye hajashinda kitu na hajafa: dada anayepembua mchele mlangoni, baba aliyesinzia na redio kifuani, binamu wa bodaboda akiwa amevua kofia ili apate hewa. Ukiipata, usikimbilie dukani kwanza. Mpigie simu. Mwambie unataka kumweka ukutani, sebuleni, mahali wageni watamwona, na umuulize kama picha hiyo anaipenda. Huenda akasema subiri, nipige nyingine nikiwa nimevaa vizuri. Basi nenda ukampige nyingine.